Kabla ya kununua kompyuta mpya, panga dirisha la mafaili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nimjibu mwandishi wenu wa safu ya teknolojia, aliyewashauri watu wenye kompyuta zinazojikongoja waongeze memori, na hilo likishindikana wanunue mashine mpya. Sina ugomvi na memori. Ila mimi ni karani wa masjala. Kutwa nzima nafungua folda, natafuta barua, naibadilisha jina, naipeleka inakotakiwa. Kwa ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya kungoja tunakoisingizia mashine hutokea ndani ya dirisha moja tu, lile la mafaili (kwenye Windows huitwa File Explorer), na hutokea kwa sababu hakuna aliyewahi kuligusa tangu kompyuta itoke kwenye boksi. Kulipanga upya hakugharimu kitu, na huhitaji kumwita fundi.

Nianze na folda inayogoma kufunguka. Masjala yoyote iliyoanza kupiga skani barua zake ina folda za namna hii: maelfu ya mafaili, mengine PDF, mengine picha za JPG, yamechanganyika. Unabofya mara mbili, dirisha linakuja jeupe. Kwenye Windows 10 utaona kule juu, penye anwani, mstari wa kijani ukianza kutambaa. Unatambaa, unakaribia mwisho, unagota hapo. Mwenzangu wa meza ya pili akiuona mstari ule hunyanyuka kwenda kujaza chupa yake ya maji, na akirudi mara nyingine bado upo.

Tatizo hapo si uzee wa mashine. Windows huipa kila folda aina moja kati ya tano: ya vitu vya kawaida, ya nyaraka, ya picha, ya muziki au ya video. Usipoichagulia, hukisia yenyewe kwa kuchungulia kilichomo. Ikikuta JPG nyingi huamua kwamba hii ni albamu, basi huanza kutengeneza kijipicha cha kila faili na kusoma taarifa zilizojificha ndani ya picha, kama siku iliyopigwa na vipimo vyake. Barua ya kuomba likizo iliyopigwa skani haina haja na hayo yote.

Dawa iko kwenye folda yenyewe. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha kichupo cha Customize. Hapo utaulizwa folda hiyo iandaliwe kwa ajili ya nini. Chagua General items, na chini yake weka alama ya vema kwenye kile kisanduku kinachosema folda zote za ndani zifuate mfano huo. Watu wengi hukiruka kisanduku hicho, halafu wanashangaa folda ya juu imepona na zile za ndani zingali wagonjwa. Ambaye hahitaji vijipicha kabisa anaweza kuvizima kwa mashine nzima: katika dirisha la Options, yaani mipangilio ya folda, kichupo cha View, kuna mstari unaosema ionyeshe alama tu na kamwe isionyeshe vijipicha. Mimi sikuvizima. Ramani na michoro inayokuja masjala naitambua kwa sura kabla sijaisoma jina.

Sasa nije kwenye lalamiko ambalo nalisikia karibu kila ofisi: "Napanga mafaili vizuri, kesho nakuta kompyuta imesahau." Haijasahau. Ukishapanga folda moja unavyotaka, unakwenda Options, kichupo cha View, unabonyeza Apply to Folders, na mpangilio unasambaa. Lakini unasambaa kwenye folda za aina ile ile tu. Ukipanga ukiwa ndani ya folda ya nyaraka, folda za picha hazitakusikiliza, wala za muziki. Inabidi uingie kwenye folda moja ya kila aina unayoitumia, uipange, ubonyeze tena. Sijui kwa nini jambo jepesi kama hili halikuandikwa pale pale penye kitufe.

Mwonekano wenyewe, kwa kazi ya nyaraka, ni ule wa Details, yaani orodha yenye safu wima za jina, tarehe, aina na ukubwa. Alama kubwa kubwa zinapendeza kwenye picha za harusi. Kwenye barua mia nane zote zinafanana. Na hapa kuna mkasa mdogo unaowapata watu bila wao kujua. Mtu anateremka kwenye orodha kwa gurudumu la kipanya, kidole cha mkono wa kushoto kimelalia kitufe cha Ctrl. Ghafla orodha yote inageuka kuwa mapicha makubwa kama sahani. Anaita fundi, anasema kompyuta imeingiwa na kirusi. Ctrl pamoja na gurudumu hubadilisha mwonekano, basi. Ukibonyeza Ctrl, Shift na 6 kwa pamoja, unarudi kwenye Details.

Safu wima nazo si zile nne tu ulizokuta. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya kichwa cha safu yoyote, utapata orodha ya nyingine za kuongeza, na ukienda chini kwenye More utazikuta nyingi kuliko utakazozihitaji maisha yako yote. Weka unazozisoma, toa usizozisoma, zivute uzipange kwa mfuatano wa macho yako. Jina likikatwa katikati, bofya mara mbili kwenye mpaka wa safu, nayo itajitanua ienee jina refu kuliko yote.

Hapo kwenye tarehe naomba nikae kidogo, maana nimeona watu wakigombana kwa ajili yake. Zipo safu mbili zinazofanana kwa jina: tarehe ya kuundwa na tarehe ya kubadilishwa. Mtu akinakili faili kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta, tarehe ya kuundwa inakuwa ya dakika ile aliyonakili, ilhali tarehe ya kubadilishwa inabaki ile ya zamani. Ndiyo maana unaweza kuona waraka ambao, kwa maelezo ya kompyuta, ulibadilishwa miaka mitatu kabla ya kuundwa. Ofisa mmoja aliwahi kunijia juu akidai barua fulani imeandikwa baada ya kikao na kurudishwa nyuma, ushahidi wake ukiwa ni safu ya tarehe ya kuundwa. Nilimfungulia safu zote mbili ubavuni mwa nyingine. Barua ilikuwa ya kabla ya kikao. Kilichofanyika baada ya kikao ni kuinakili tu.

Kwa hiyo kwenye folda za masjala mimi huonyesha tarehe ya kubadilishwa, na tarehe ya barua yenyewe naiandika ndani ya jina la faili: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2024-03-15. Ndio mpangilio wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, na faida yake ni kwamba ukipanga kwa jina unapata mfuatano wa siku bila kutegemea safu yoyote. Nambari nazo naziwekea sifuri mbele. File Explorer inajua kwamba Barua 2 hutangulia Barua 10, lakini zipo programu nyingine ambazo zitaanza na 10 kwa sababu zinasoma herufi moja moja. Ukiandika 002 na 010 hakuna atakayekosea.

Niingie sasa kwenye menyu inayotokea ukibofya kitufe cha kulia, na hapa ndipo hasa ninapotofautiana na mwandishi wenu.

Menyu hiyo imekuwa nasi tangu Windows 95, na ilikusudiwa iwe fupi: fungua, kata, nakili, futa, badilisha jina. Lakini kila programu unayosakinisha hutaka mstari wake humo. Programu ya kukandamiza mafaili inaweka mistari sita. Kinga ya virusi inaweka wa kwake. Hifadhi ya mtandaoni inaweka mitatu. Kichezeshi cha muziki, ambacho hujakifungua tangu kiwekwe, kinakuuliza kama ungependa kuiongeza barua ya mkurugenzi kwenye orodha ya nyimbo. Mwisho wake menyu inakuwa kama mlango wa ofisi uliobandikwa matangazo mpaka kitasa hakionekani.

Urefu wa menyu ni kero ya macho tu. Kero ya muda ni nyingine. Mingi ya mistari hiyo ni vipande vya programu vinavyopakiwa ndani ya Explorer yenyewe. Unapobofya, kabla menyu haijaonekana, kila kipande huulizwa kama kina neno kuhusu faili hilo. Kimoja kikiwa kizito, au kikienda kuulizia seva ambayo siku hiyo haipatikani, wote wanangoja. Wewe unaona kile kiduara cha buluu kinazunguka, sekunde zinakwenda, unabofya tena kwa hasira. Na kipande kikianguka kinaweza kuiangusha Explorer nzima. Hapo hata ule mstari wa chini wenye saa na kitufe cha Start hupotea kisha ukarudi, kwa kuwa unaendeshwa na Explorer hiyo hiyo. Aliyeona kioja hicho huapa kwamba mashine imekufa. Ukimwongezea memori, kile kipande kibovu kitabaki pale pale.

Namna ya kupunguza ni kuanza na programu zenyewe. Nyingi zina ukurasa wa mipangilio unaokuruhusu kuchagua mistari ya kubaki. 7-Zip, programu ya kukandamiza mafaili, kwa mfano, ukiifungua na kwenda Tools kisha Options, ina kichupo chenye visanduku vya kila mstari. Unaweza pia kuikusanya yote ndani ya menyu ndogo moja. Programu isiyo na mipangilio hiyo, na ambayo huitumii, iondoe kabisa. Hapo nakubaliana na wanaosema kompyuta haitaki mizigo. Mistari mingine ikibaki sugu, ipo programu ndogo ya bure ya NirSoft iitwayo ShellExView. Huorodhesha vipande vyote vilivyojichomeka kwenye Explorer, na visivyo vya Microsoft huvipaka rangi ya waridi. Hufuti kitu, unakizima tu, na ukijuta unakiwasha. Zima kimoja kimoja, uanzishe Explorer upya, ubofye kitufe cha kulia uone kama menyu imeharakisha. Anayezima kumi kwa mkupuo hatajua mkosaji alikuwa nani.

Zipo njia nyingine za kuingia kwenye sajili ya Windows (registry, inamokaa mipangilio yake ya ndani) na kuandika mistari kwa mkono. Vijana wanazisambaza sana. Mimi nasema kwa kompyuta ya ofisi, yenye majalada ya watu, usiguse sajili kama hujui kuirudisha.

Wenye Windows 11 wataniambia kwamba kwao menyu imeshakatwa. Ni kweli. Ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na menyu mpya fupi, na Microsoft wenyewe walieleza mwaka huo kwamba ile ya zamani ilikuwa imeota bila mpangilio kwa miaka 20, na kwamba vipande vinavyoendeshwa ndani ya Explorer vinaleta uzito na kuanguka. Kwa maneno mengine, wenye mali walikiri lile ninaloandika hapa. Tatizo langu ni jinsi walivyoitibu. Kata, nakili, badilisha jina na futa viligeuzwa kuwa vijialama bila maneno, na watu wakaanza kuniuliza nakili imekwenda wapi. Baadaye maneno yaliongezwa chini ya alama. Mistari mingi ya programu nyingine ilisukumwa nyuma ya mstari mmoja wa mwisho, Show more options, kiasi kwamba kazi iliyokuwa ya mbofyo mmoja sasa ni ya miwili. Mtu anayetuma mafaili kutwa analipa mbofyo huo kila mara. Angalau shika Shift ukibofya kitufe cha kulia, utapelekwa moja kwa moja kwenye menyu ndefu. Na ukishafika huko, iwe imeshapunguzwa kwa njia niliyoieleza, maana Windows 11 imeificha tu, haikuisafisha.

Kuna kuongeza pia, si kupunguza tu. Ndani ya menyu hiyo ndefu kuna Send to, na wachache wanajua kwamba orodha yake ni folda ya kawaida. Andika shell:sendto kwenye mstari wa anwani, bonyeza Enter, folda itafunguka. Toa njia za mkato usizozitumia, weka za folda unazopelekea kazi kila siku. Yangu ina "Zinazosubiri majibu", "Zilizojibiwa" na "Kwa mwanasheria", na hakuna kingine.

Nimeacha jambo la usalama hadi sasa, ingawa lingestahili barua yake. Tangu zama za Windows 95, dirisha la mafaili huficha mkia wa jina, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho, ambazo ndizo zinazosema faili ni la aina gani. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kwa barua pepe kikiwa na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa mkia wa mwisho ulifichwa, watu waliona jina linaloishia TXT, wakadhani ni maandishi matupu, wakafungua. VBS ni programu. Miaka zaidi ya ishirini imepita, mkia ungali unafichwa kwenye kompyuta mpya, na bado zinakuja "ankara" ambazo kwa kweli zinaishia pdf.exe. Kwenye Windows 11 fungua View, kisha Show, uweke vema kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 kisanduku kiko waziwazi katika kichupo cha View. Na hata kwa aliyesahau kufanya hivyo, safu ya aina katika mwonekano wa Details ingemsaidia, maana mbele ya "ankara" ile ingeandikwa Application, yaani programu. Tofauti tu ni kwamba ukibadilisha jina sasa uuache mkia ulivyo. Explorer yenyewe huteua sehemu ya mbele peke yake ukibonyeza F2, kwa hiyo andika juu yake usihangaike.

Wasio na Windows wasione wamesahauliwa. Kwenye Mac, Command na J hufungua dirisha la mipangilio ya mwonekano wa folda uliyomo, na kwa kawaida chini kuna kitufe cha kuufanya utumike kwa folda nyingine pia. Zile .DS_Store ambazo Mac huacha kwenye flashi na kuwatisha watu ni kumbukumbu za mpangilio huo huo, hazina madhara. Kwa upande wa Linux, Dolphin, dirisha la mafaili la mazingira ya KDE, ina ukurasa mzima wa kuchagua mistari ya menyu kwa visanduku, na Thunar, la mazingira ya Xfce, inakuruhusu kutunga mstari wako mwenyewe na kuamua utokee kwa mafaili ya aina gani. Kwa jambo hili Linux imewatangulia wenzake kwa mbali, nalisema hilo ingawa ofisini situmii.

Ombi langu kwa mwandishi wenu ni makala moja, yenye picha za madirisha haya, hatua kwa hatua, kabla ya makala nyingine ya bei za memori. Na kwa mafundi wanaotukabidhi mashine mpya: msifunge dirisha la Options. Nafahamu mnaogopa watu watavuruga. Lakini fundi hajui kama karani anasoma tarehe au ukubwa, wala kama mhasibu anahitaji kuona aina ya faili kabla ya jina. Kama lazima mfunge kitu, fungeni usakinishaji wa programu, maana huko ndiko ile mistari ya menyu inakotoka.

Wako,
Karani wa masjala